Mwanangu hali ngano, na bibi yake hataki kusikia

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani, Tanga. Wa kwanza ana miaka minane. Tangu alipofika miaka mitano tumbo lake halikutulia: linajaa kama ngoma, choo chepesi chenye harufu kali, na kimo hakiongezeki, hata shuleni mgeni akimwona humdhania wa chekechea. Dawa za minyoo tulimpa mara sijui ngapi. Mwaka jana tukapewa rufaa, wakampima damu, wakampitisha mpira mdomoni mpaka tumboni wakachukua kinyama kidogo cha utumbo, wakatuambia ana siliaki. Neno lenyewe ndiyo kwanza nalisikia. Daktari akasema ngano, shayiri na rai, nafaka nyingine ya jamii ya ngano, asiguse tena maisha yake yote.

Nimeshika. Chapati, maandazi, tambi, vyote vimetoka nyumbani kwangu, na sote tunakula bila ngano, hata mdogo wake wa miaka minne, ili kaka mtu asione uchungu. Halafu nikamfuata dada mmoja mtandaoni. Yeye anasema nafaka zote ni sumu, mchele na mahindi humo humo, na anafundisha keki za unga wa lozi. Nikaacha na ugali na wali. Lozi nilipoulizia bei dukani nikairudisha pakiti mahali nilipoitoa.

Tatizo langu hasa ni mavyaa. Ni mtu mwema, nisimsingizie. Nilipojifungua alikaa nami siku arubaini akinikanda. Lakini siliaki kwake ni maneno ya hospitali. "Baba yake nimemlea kwa maandazi, mbona hakufa?" Idi iliyopita wajukuu wote walikuwa kwake, masinia ya kaimati na visheti yametandazwa. Mwanangu nilikuwa nimeshamkalisha nikamweleza. Alasiri nikamkosa. Nikamkuta nyuma ya pipa la maji, kanzu nyeupe ina doa la shira mfukoni, visheti vitatu vimo humo na cha nne kinywani. Akaniambia, "Bibi kasema nile huku usinione." Usiku ule hatukulala, na shule hakwenda siku nne.

Nilipomweleza mavyaa alilia, akasema namnyima mjukuu wake mkono wake. Mume wangu akanyamaza, kama anavyonyamaza kila mama yake akilia.

Sasa Idi imebaki wiki tatu. Unajua kwetu majirani hupelekeana sahani, na sahani hairudi tupu. Nipike nini kisicho na nafaka, chenye sura ya kupelekwa kwa watu, wasije wakasema nimekuwa bahili? Ningependa pia zawadi za kujitengenezea kwa mavyaa na wifi zangu wawili, vitu vya asili visivyo na madawa. Na mavyaa nimwambieje?

Mama wa Wawili, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa siku hizo nne.

Naanza na usichoniuliza: yule mdogo. Siliaki hutembea katika damu. Kwa ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto wa mgonjwa, takribani mmoja kati ya kumi huwa nayo, na wengine hawana dalili yoyote ya kuonekana. Kipimo cha damu kinasoma vile mwili unavyopigana na ngano. Mtoto asiyekula ngano kinaweza kumwambia hana kitu, kumbe anacho. Kwa hiyo kabla hujaendelea kumnyima mdogo kwa ajili ya kumliwaza mkubwa, rudi kwa daktari yule yule, mwambie ukweli kwamba ameacha ngano tangu lini, na umuulize apimwe vipi. Huenda akataka ale ngano wiki kadhaa kwanza. Mumeo naye apimwe, na wewe pia.

La pili, yule dada wa mtandaoni. Kinachomdhuru mwanao ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Mchele haunayo, mahindi hayanayo, mtama, ulezi na uwele pia havina. Ugali na wali mrudishie hata leo, maskini mtoto wa watu. Hayo ya "nafaka zote" yana historia yake. Mwaka 1924 huko New York daktari Sidney Haas alichapisha habari za watoto wa siliaki aliowalisha ndizi nyingi na kuwanyima mikate na vyakula vingine vya wanga, wakapona mbele ya macho yake. Akaamini dawa ni ndizi. Kilichowaponya ni mkate uliokosekana, na hilo likaja kueleweka Uholanzi, kwa daktari wa watoto Willem-Karel Dicke. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilipofuta mikate mezani, watoto wake wa siliaki wakapata nafuu, na mikate iliporudi nao wakarudi kuugua. Lakini watu waliendelea kumfuata yule wa ndizi miaka mingi, na mawazo yake bado yanazunguka kwenye simu zetu.

Hata hivyo sikukatazi vitafunio visivyo na nafaka. Kwa nyumba kama yako mimi navipenda kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni mashine ya kusaga. Mahindi yako safi yakipita kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, yanatoka na ngano. Unga wa dengu hivyo hivyo, tena kuna wauzaji wanaouchanganya ili uwe mwingi. Mvuje wa unga wa kwenye kopo mara nyingi umeongezwa unga wa ngano ili usigande, na nani angeushuku mvuje? Kwa hiyo jikoni kwangu, mgeni wa namna ya mwanao akija, nafuata kitu kimoja: nanunua kinachokuja na ganda lake. Nazi. Karanga za maganda. Mhogo, ndizi, mayai. Tende zenye kokwa. Ubuyu ndani ya kibuyu chake. Hapo hakuna aliyepata nafasi ya kutia mkono kabla yako.

Na angalia, umekaa juu ya hazina hiyo. Nazi za Pangani, hiliki na mdalasini wa milima ya Amani, vyote vinashuka soko la Mgandini, wewe unalilia lozi.

Sahani ya kupeleka kwa watu ijengwe juu ya kashata za nazi. Kuna wanaotia kijiko cha unga wa ngano kwenye kashata ili zishikane, ndiyo maana za kununua usimpe mtoto mpaka umemuuliza aliyepika. Kashata haihitaji unga, inahitaji subira kwenye shira. Zikune nazi mbili kubwa, nyeupe peke yake, ukifika kwenye ganda jeusi uache. Zitakupa kama vikombe vinne. Sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, bandika. Usikoroge sana. Ikianza kutoa mapovu makubwa mazito, chovya kijiko, kiache kipoe kidogo, gusa shira kwa kidole gumba na cha shahada kisha uvitenganishe. Ikikatika, bado. Ikivuta uzi mmoja usiokatika, tia nazi na hiliki punje nane ulizozitwanga sasa hivi. Hapo shika mwiko usiuache, geuza mpaka donge lote linaachana na sufuria na kuzunguka pamoja na mwiko. Mimina kwenye sinia ulilolipaka mafuta, sawazisha kwa kitako cha bakuli, ukate vipande ingali moto. Ukingoja ipoe utakata kwa shoka.

Ukitaka rangi ya Idi, badala ya robo ya yale maji tia maji ya rozela. Robo tu, kwa sababu ukali wake ukizidi kashata hazigandi, utaishia kula kwa kijiko. Na joto la kwetu unalijua: kashata za nazi mbichi siku ya nne zimeshaanza kuchacha, basi zipike mkesha. Za karanga unaweza kuzitangulia wiki nzima na mkebe wenye mfuniko wa kubana. Karanga zenyewe uzichambue moja moja; zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi tupa, kwa maana sumukuvu haiishi kwa kukaanga.

Pembeni ya kashata weka tende. Toa kokwa, jaza korosho iliyokaangwa, bana, viringisha kwenye ufuta. Ni kazi ya watoto hiyo, mwanao aifanye kwa mikono yake. Na korosho hizo hizo zitakupa biskuti badala ya lozi: omba vipande vilivyovunjika, huuzwa rahisi kuliko nzima. Blenda yako uiwashe na kuizima, uiwashe na kuizima, ukiiacha ikimbie utapata siagi. Vikombe viwili vya korosho ya kusaga, nusu kikombe cha sukari, ute wa yai moja, chumvi chembe, hiliki. Fanya vidonge, vibonyeze kwa uma, palia makaa machache chini na machache juu. Dakika kumi na tano zinatosha, kingo zikianza kugeuka rangi epua. Vitatoka laini, vikipoa vitakaza.

Ubuyu ni rahisi kuliko vyote. Shira, chumvi, pilipili ya unga, hiliki, na rozela tena ya rangi. Shira ikiwa nzito epua, mimina ubuyu ndani, geuza, anika. Ule wa madukani rangi yake hukaa ulimini mpaka Jumatatu.

Kwa kitu cha chumvi pika bajia za kunde. Loweka kunde nzima usiku kucha, menya, saga nyumbani na vitunguu saumu na kotimiri, kaanga kwenye mafuta mapya. Mafuta yaliyokaangiwa kaimati ni ngano tupu kwa mtoto huyu. Vile vile mwiko wa mti, kibao cha chapati na chekecheo la zamani havisafishiki vya kutosha, weka vyake pembeni.

Mhogo nimeuacha mwisho kwa kuwa una sharti. Ukiukuna na kuupika na tui zito, mayai, sukari na mdalasini, moto juu na chini, unapata mkate mzito wa kung'ara ambao majirani watakuuliza. Lakini uwe mhogo mtamu, mbichi, unaoujua ulikotoka, na uive mpaka ndani kabisa. Mhogo mchungu una sumu, wenyewe huutoa kwa kuuvundika na kuukausha, si kwa kuukuna na kuutia tanurini siku hiyo hiyo.

Yote haya ni sukari, mwanangu, tusidanganyane. Kashata bila ngano haijawa mboga. Ni ya Idi. Na kwenye nyumba unazopeleka uliza kama kuna asiyekula karanga au korosho, wapo wanaovimba koo kwa punje moja. Asali, kama utafungia watu, isimfikie mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Zawadi. Sabuni ya kujitengenezea usijaribu mwaka huu, kostiki inaunguza na una watoto mguuni. Wifi zako wapikie mafuta ya nazi. Nazi nane kubwa hunipa mimi karibu nusu lita. Kamua tui bila kuongeza maji mengi, bandika moto wa wastani, kaa nalo. Kwanza litachemka kama mchuzi, halafu litakatika, halafu utasikia mlio unabadilika, ule wa maji unakwisha unabaki wa kukaanga, na mashapo yanageuka rangi ya kahawia. Epua hapo hapo, chuja. Mashapo nyunyizia sukari, watoto watagombana. Maua ya mlangilangi na asumini yaanike kivulini mpaka yanyauke vizuri ndipo uyazamishe kwenye mafuta yaliyopoa. Ua lenye maji litayaozesha. Baada ya siku saba chuja, tia chupa. Asubuhi za baridi yataganda meupe, waambie mapema wasidhani umewatilia kitu.

Wifi aliyeolewa karibuni mwongezee singo ya kujisugua mwili, kama ya maharusi: karafuu, waridi kavu, mrihani na liwa, vitwangwe, vikandwe kwa marashi ya waridi mpaka vishikane, vikauke kivulini. Mavyaa singo usimpe, atajiuliza una maana gani. Yeye mpikie udi. Sukari na maji kidogo mpaka iwe nzito na kugeuka rangi ya kahawia, kisha unga wa udi na sandali, miski kidogo, koroga haraka, tandaza kwenye sahani, vunja vipande. Unga wa udi huuzwa kwa kijiko, hulazimiki kununua vijiti. Kama ana pumu, mpe mafuta kama wenzake.

Sasa yeye mwenyewe. Umeniandikia kwamba alisema unamnyima mjukuu mkono wake. Mimi neno hilo nimelisoma mara tatu. Mwanamke huyu amelea kwa kupika, na wewe umemwambia kipikwacho na mkono wake kinaumiza. Hata mimi ningelia. Lakini na yeye amemfundisha mtoto kula nyuma ya pipa, na hilo linanitisha kuliko visheti vyenyewe, kwa sababu mtoto huyu ataishi na siliaki miaka sabini na siku nyingi hutakuwapo. Usimgombeze mtoto. Mwambie kwamba akila kwa bahati mbaya au kwa makusudi aje akwambie, na hatapigwa.

Ya hospitali mavyaa asiyasikie kwako. Ayasikie kwa mwanawe. Mumeo amchukue mama yake kliniki mara moja, akae mbele ya daktari, aulize yote, hata hilo la maandazi. Kunyamaza kwake mama anapolia kumeshamgharimu mtoto siku nne za shule, mwambie nimesema mimi.

Nawe nenda kwake na bakuli mbili. Kwake, si kwako. Kanda donge dogo la unga wa ngano, lipumzike robo saa, kisha lifinyange ndani ya bakuli la maji. Maji yatakuwa meupe kama tui, badilisha, endelea. Wanga wote ukiisha mkononi kutabaki kitu cha kuvutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Mpe akivute. Halafu mfanyie hivyo hivyo na unga wa mchele. Utayeyuka wote mkono ubaki mtupu. Mwambie hicho kinachovutika ndicho utumbo wa mjukuu wake unachokiona adui, ukakipiga vita mpaka vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinakatika, ndiyo maana harefuki. Kisheti kimoja kinatosha kuanzisha vita hiyo. Mtu aliyekanda unga miaka hamsini ataelewa kwa vidole kuliko kwa karatasi ya maabara.

Halafu muombe kazi. "Mama, kashata zangu hazijawahi kufika zako, njoo Idi hii unipikie sahani za watu." Apikie jikoni kwako, sufuria zako. Na kwa kuwa mchele umerudi, vitumbua na mkate wa kumimina ni vyake pia: mchele uchambuliwe, ulowekwe, usagwe kwa blenda yako, usikanyage mashine. Halua hupikwa kwa wanga, amuulize mpishi ni wanga wa nini kabla hajamkatia mtoto. Nunua mkebe mmoja mzuri, umjazie mwanao kashata na biskuti zake, uukabidhi kwa bibi yake ukae chumbani kwake. Mtoto akitaka kitamu siku ya Idi, amwendee bibi.

Ile kanzu, kama bado umeiweka kwa hasira, doa la shira ni maji ya moto tu. La mafuta ya visheti paka sabuni ya mche, lala nalo usiku mmoja, ufue asubuhi.

Somo wako